Mkoromo wa Wabwire

Jumatano ya pili ya mwezi wa saba, saa nane mchana, Maggie alikuwa akifua mashuka mbele ya chumba namba tano aliposikia Wabwire akikoroma katika chumba namba sita. Aliendelea kufua. Alisuuza shuka la kwanza, akalianika, akasuuza la pili. Ndipo akakumbuka kwamba Wabwire alikuwa hajaonekana Gatina kwa miaka miwili, akajipangusa mikono kwa leso na kwenda kubisha ili amsalimu.

Sella, mke wa Wabwire, alifungua mlango. Macho yalikuwa yamevimba na pua ilikuwa nyekundu.

"Mzee amerudi lini na hujaniambia, Mama Marvin?"

"Mzee gani?"

"Si huyo alikuwa anakoroma saa hii."

"Ni mimi nilikuwa nimelala. Niko na homa."

Maggie alichungulia ndani. Kitandani palikuwa na blanketi moja na mto mmoja.

"Basi ni wewe," alisema. "Lakini unakoroma yake."

Ploti hiyo ya Gatina, Kawangware, ni ya mzee anayeitwa Kagiri. Ina vyumba kumi na viwili vya mabati, sita huku na sita kule, na katikati mtaro wa maji machafu. Kati ya chumba na chumba kuna bati moja tu. Ukikaa hapo mwezi mmoja utajua mkoromo wa kila jirani kama unavyojua ndala zake. Walubengo, fundi wa mjengo wa chumba namba tisa, hukoroma kama mtu anayeburuta meza. Maggie hukoroma kidogo, lakini hukataa. Wabwire alikuwa na mavuto mawili marefu, halafu kimya, kama mtu anayefikiria jambo, halafu filimbi nyembamba. Tena wake ulikuwa mkoromo wa mchana, kwa sababu alikuwa soja, mlinzi wa usiku. Wanawake wa ploti walijua saa kwa mkoromo huo. Ukianza, ni saa nane, na bomba linakaribia kufungwa. Ukiisha, ni saa kumi na moja, na jiko liwashwe.

Maggie alipoondoka Sella alirudi kitandani. Kwenye mto kulikuwa na vumbi laini la kijivu chenye wekundu, mahali pua yake ilipokuwa. Alilikung'uta nje ya mlango, akalala tena.

Kesho yake alikwenda kwa Kiragu, mwenye duka la dawa pale barabarani. Kiragu alimmulika kooni.

"Hii ni virusi," alisema. "Mwezi wa saba baridi ikiingia, inapita kila nyumba. Pua imevimba ndani, hewa inapita kwa mdomo, koo linatetemeka. Hata mtu hajawahi kukoroma anakoroma. Siku saba, siku kumi, pua ikifunguka inaisha yenyewe."

"Majirani wanasema ni mkoromo wa Baba Marvin."

Kiragu alifunga dawa kwenye karatasi. "Mimi nilisomea koo. Mambo ya mkoromo ni wa nani sikufundishwa."

Siku tano baadaye, Maggie alipatwa na homa, na mkoromo wa Wabwire ukahamia chumba namba tano. Wakati huohuo ulikuwa bado namba sita, kwa sababu Sella alikuwa hajapona. Vyumba viwili vilikoroma pamoja, vuto kwa vuto, filimbi kwa filimbi. Mume wa Maggie, ambaye huendesha mkokoteni, alisema ni kama kulala katikati ya ndugu wawili. Ijumaa ulikuwa namba mbili na namba kumi. Kila mgonjwa akiamka alikuta vumbi lilelile kwenye mto.

Lakini ni lazima kusema kilichotokea miaka miwili kabla ya hapo.

Wakati huo Kagiri alikuwa akijenga ghorofa, njia tatu kutoka kwenye ploti, na Wabwire ndiye aliyeulinda mjengo usiku. Hakuwa na kibanda. Kagiri alisema kibanda kitajengwa baada ya kumwaga slabu, sakafu ya orofa ya kwanza. Mvua ikinyesha, Wabwire aliteremka kwenye shimo la nguzo, akajifunika nailoni, na kukaa humo hadi asubuhi. Jumapili moja mvua ilinyesha usiku kucha. Jumatatu hakurudi nyumbani.

Siku hiyo Sella alikuwa Kibera, upande wa Silanga, ambako hununua mboga kwa wanawake wanaolima kando ya bwawa. Aliporudi jioni alikuta kitanda kiko kama kilivyotandikwa asubuhi na chakula kimefunikwa vilevile. Aliuliza majirani. Maggie na wenzake wawili walimwambia asiwe na wasiwasi, mzee alikuwa ndani, walimsikia akikoroma kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Walisema hivyo kwa nia njema. Waliposema hivyo tena kwa polisi, polisi aliandika. Kisha Kagiri akaja akasema vyuma vyake arobaini vya ujenzi havionekani. Ikaandikwa kwamba Wabwire alilala, akaamka, akaenda kuuza vyuma, akatoroka. Sella alisema kitanda hakikulaliwa. Hilo halikuandikwa.

Tangu siku hiyo Wabwire alikuwa mwizi. Kwao Funyula, kaka yake Timothy alisema yuko Kampala na mwanamke mwingine. Mtu aliye Kampala haliliwi wala hazikwi. Marvin, mtoto wa Sella, anayesomea huko kwa baba yake mkubwa, aliitwa mtoto wa vyuma hadi akazoea kuitika. Sella hakuwa mjane na hakuwa mke. Alitaka jambo moja tu: watu wa Funyula wakubali kwamba mume wake alikufa, wamzike, na jina la wizi lisitajwe tena katika boma hilo.

Walubengo alishikwa na homa Jumamosi. Jumapili mchana aliamka, akaona vumbi kwenye mto, na hakulikung'uta. Alilikusanya kiganjani, akatoka nalo nje, akalitia tone la maji na kulisugua kwa kidole gumba kama anavyofanya kazini. Akalitazama kwenye jua. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Sella alikuwa amekaa mlangoni kwake akichambua sukuma wiki.

"Mama Marvin," Walubengo alisema. "Hii si vumbi ya barabara. Hii ni zege."

"Zege gani?"

"Ya ghorofa ya Kagiri."

"Unajuaje?"

"Siku ile tulimwaga nguzo mchanga uliisha. Tukaongeza murram, ule udongo mwekundu. Haifai kuongezwa, lakini tuliongeza. Mimi ndiye nilichanganya. Hakuna zege ingine Gatina iko na hii rangi."

Sella aliweka kisu chini. Walubengo alipenga kamasi, akaendelea kwa sauti ileile.

"Jumatatu hiyo tulifika saa moja. Ukingo wa udongo ulikuwa umeangukia shimo la nguzo ya tatu. Mkono wa koti ulikuwa unaonekana. Nikamwita Kagiri. Akasema ni koti tu, soja ameenda kulala, mashine ni ya kukodi, mwaga."

"Na ukamwaga."

"Nikamwaga. Lakini moyo haukutulia. Saa nane nilitoka kazini nikakuja hapa. Nilisimama kwa huo mlango wako. Nikamsikia anakoroma. Nikarudi nikiwa sawa. Hata jioni nilikula."

"Uligonga?"

"Soja akilala mchana hagongewi, Mama Marvin. Wewe mwenyewe ulikuwa unatufukuza tukipiga kelele. Sikutaka kumwamsha."

Ilikuwa kweli. Katika ploti ile yote hakuna aliyekuwa akibisha chumba namba sita kati ya saa nane na saa kumi na moja. Watoto walichezea upande wa pili. Muuza mafuta taa alipita bila kupiga kengele. Siku ile Wabwire alikuwa chini ya zege tangu saa mbili asubuhi, mkoromo wake ukarudi nyumbani saa ya kawaida, na wote wakauheshimu.

Sella alimaliza kuchambua sukuma. Halafu akaingia ndani na kumpigia simu Timothy.

"Shemeji, njoo Nairobi. Ndugu yako amekufa na tunamsikia hapa kila mchana."

"Ukimsikia basi ni mzima," Timothy alisema. "Ndiyo nilisema. Kampala kumemshinda."

"Ngoja usikie mwenyewe."

Alipeleka simu chumba namba tano na kuiweka karibu na mdomo wa Maggie, aliyekuwa amelala chali. Mkoromo ulikuwa wazi. Aliporudisha simu sikioni, Timothy alikuwa akilalamika.

"Hiyo ni mashine ya kuchanganya zege, shemeji. Siku hizi mnakaa karibu na mjengo?"

"Si mashine."

"Mimi nasikia mashine."

Waliijaribu simu mara tatu, kwa wagonjwa watatu, na mara zote Timothy alisikia mashine. Mwishowe alisema atakuja akimaliza kupanda. Hakutaja siku.

Kuanzia hapo Sella alijitahidi asipone kabla Timothy hajafika. Ilikuwa siku yake ya kumi na mbili ya homa na tundu la kushoto la pua lilikuwa limeanza kufunguka. Aliacha tangawizi. Alioga maji ya baridi saa kumi na mbili asubuhi akakaa mlangoni bila sweta. Alikunywa chai kwa kikombe cha Maggie na kulala kwenye mto wa Walubengo. Haikusaidia. Jumatatu aliamka anapumua vizuri, na mto ulikuwa safi. Maggie akapona Jumatano. Alileta mto wake mwenyewe, akauonyesha, akaomba msamaha.

"Si makosa yako," Sella alisema.

"Nilijifukiza mara moja tu. Mume wangu alinilazimisha."

Katikati ya juma Kagiri mwenyewe alikuja kwenye ploti. Alikuwa amesikia maneno. Ni mzee mnene, mtulivu, mzaliwa wa hapohapo, na huvaa kofia ya sufu hata wakati wa jua. Alisimama kwenye mtaro na kusema hayo maneno ya soja yaishe, kwamba watu wanatafuta kuharibia nyumba yake jina, na kwamba asiyefurahia anajua lango lilipo. Mume wa Maggie naye alikuwa mgonjwa siku hiyo. Alikuwa amesimama karibu naye, akampigia chafya usoni. Alisema hakukusudia. Baadaye, akiwa na mke wake, alisema hakukusudia sana.

Timothy alifika Jumanne iliyofuata, na begi dogo na kuku mmoja. Sella alimpeleka moja kwa moja kwa Walubengo, aliyebaki wa mwisho kuugua. Walikaa pembeni ya kitanda kuanzia saa nane. Walubengo alilala, akavuta pumzi, akakoroma. Ulikuwa mkoromo wa kuburuta meza. Ulikuwa wake mwenyewe.

"Huyu ni Walubengo," Maggie alisema kutoka mlangoni. "Amepona huyu."

Timothy alitazama saa. "Shemeji, nimelala kwa basi kukuja kusikiza fundi."

Sella alikumbuka Silanga. Katika siku za kwanza za homa yake alikuwa ameenda huko kununua mboga kama kawaida, na lazima aliacha homa huko. Walikwenda siku hiyohiyo. Nelima, mama mmoja anayelima kunde kando ya bwawa, aliwaambia ni kweli, homa ilipita nyumba nane za upande ule, na watu walikoroma mchana kwa mavuto mawili na filimbi. Hakuna aliyejua ni mkoromo wa nani. Waliona ni homa tu. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho, na alikuwa amepona jana.

"Mngekuja jana," alisema. Aliwafungia kunde. "Alikuwa mtu mpole? Maana alikuwa anakoroma kwa upole."

"Alikuwa mpole," Timothy alisema. Lilikuwa neno la kwanza zuri alilosema juu ya ndugu yake kwa miaka miwili, naye alionekana kutolipenda. Njiani alisema atarudi Funyula kesho asubuhi.

Walipofika Gatina walimkuta mwanamke aliyejifunga shali amekaa kwenye ndoo mbele ya chumba namba sita. Alikuwa Gathoni, mke wa Kagiri. Hakuwahi kuingia katika ploti ile kwa miguu yake.

"Mama Marvin," alisema, "huyu soja wenu mtamtoa lini kwa nyumba yangu?"

"Ako kwako?"

"Siku ya nne leo. Mzee ako na homa. Akilala mchana ni huyo mtu. Na mto nimefua mara tatu, simiti haitoki."

Kesho yake saa nane walikwenda wote: Sella, Timothy, Maggie na Walubengo. Nyumba ya Kagiri ni ya mawe na ina makochi ya rangi ya chungwa. Gathoni aliwaandalia chai na mkate wa siagi. Kagiri alikuwa amelala kwenye kochi refu, kofia ya sufu kichwani, blanketi hadi kidevuni. Kwa muda alipumua tu. Halafu mkoromo ukaja, mavuto mawili marefu, kimya, filimbi.

Timothy aliweka kikombe chini. Alivua kofia yake. Alisikiliza hadi robo saa ikapita. Kwenye kile kimya cha katikati aliinama mbele kila mara, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufikiria.

"Hii filimbi," alisema, "ni jino. Nilimvunja jino akiwa na miaka tisa. Tuling'ang'ania mua."

Alianza kulia, bila sauti. Sella hakulia. Alimsogezea mkate.

Kagiri aliamka saa kumi na moja. Aliwaona wamekaa, akapangusa zege mdomoni kwa kona ya blanketi.

"Mmekuja lini?"

"Tangu saa nane, mzee," Timothy alisema. "Tumekuja kuchukua mtu wetu."

Kagiri alikaa. Hakukana. Alikuwa na homa, na huenda alichoka. "Juu ya hiyo nguzo kuna orofa tano," alisema. "Kuna nyumba thelathini, kuna watoto. Nikiivunja wote wanakuja chini. Sasa nyinyi niambieni. Nivunje?"

Walubengo alitazama sakafu. Yeye ndiye aliyejua zaidi kuliko wote kwamba haiwezekani.

"Ulijua," Sella alisema.

"Nilijua ni koti."

"Na vyuma?"

"Vyuma vilipatikana. Vilikuwa kwa lori ingine."

"Vilipatikana lini?"

"Juma hiyohiyo," Kagiri alisema. Akamwomba mkewe maji ya moto.

Siku iliyofuata walikwenda kituoni. Afisa wa zamu aliwasikiliza vizuri, akatafuta faili, akaipata. Alisema anayekoroma ni mtu aliye hai. Kama Jumatatu ile mchana Wabwire alisikika chumbani kwake, basi Jumatatu ile mchana alikuwa hai, na zege lilikuwa limemwagwa asubuhi. Faili ilikuwa sawa. Maggie alisema anataka kubadilisha aliyosema wakati ule.

"Ulimsikia ama hukumsikia?" afisa aliuliza.

"Nilimsikia. Lakini hakuwa ndani."

"Nauliza kama ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Basi," afisa alisema, na kufunga faili. Kuhusu vyuma kupatikana, alisema mwenye vyuma aje aseme mwenyewe. Walimtumia Kagiri ujumbe. Kufikia wakati huo alikuwa amepona na hakuwa na muda.

Wabwire alizikwa Funyula Jumamosi. Kwa mtu ambaye mwili wake haupatikani, kwao huzikwa mgomba. Timothy aliukata mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama yao, akaupima kwa urefu wa ndugu yake, akauvisha suruali na shati la Jumapili. Jeneza lilikuwa zito kama jeneza lolote. Mbele ya watu wote alisema amemsikia kwa masikio yake na ni marehemu, na kwamba atakayetaja vyuma katika boma hilo atafute njia. Marvin alitupa udongo. Wanawake walimlilia Wabwire kwa kilio cha miaka miwili, na Sella akanyolewa kama mjane.

Aliporudi Nairobi alikuta orofa ya sita imeanza kupanda. Walubengo alikuwa juu yake na koleo. Alimpungia mkono, naye akamjibu. Walubengo alihitaji kazi.

Jumatatu Sella alitoka Silanga na gunia la mboga, akapitia kwenye ghorofa ya Kagiri. Langoni huwa kuna kitabu cha wageni, kwa sababu Kagiri hapendi watu wasiojulikana. Soja wa mchana, mzee wa Kitui mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpa kalamu. Sella aliandika jina lake. Aliandika saa nane na dakika kumi. Palipoulizwa anakwenda kumwona nani aliandika Wabwire, na palipoulizwa namba ya nyumba aliandika nguzo ya tatu.

Soja alisoma polepole. Aligeuka akaitazama nguzo, iliyo kati ya ngazi na duka la chipsi.

"Huyo huwa hatoki," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Soja alimsaidia kutua gunia, akamfungulia lango, akamwambia wageni mwisho ni saa kumi na mbili.